Siku Aliyochelewa Kukamua

Vidole vya mama huyu hunuka maziwa hata akinawa mara tatu, na kila jioni huvifuta kwenye gauni kabla ya kushika kalamu. Miaka ishirini ameandika habari za shamba lao kwenye madaftari: mvua, mbegu, ng'ombe aliyevunja ua, mume aliyenuna. Leo binti yake ameyasoma, akatafuta siku aliyozaliwa, kisha akajifungia chumbani.

"Mama, umeandika, 'Ndama jike kazaliwa. Nimechelewa kukamua.' Basi! Kwani mimi niliokotwa?"

Mama amesimama mlangoni, analifungua daftari na kulifunga. Hata yeye haelewi kwa nini aliandika hayo tu. Uchungu wa siku ile anaukumbuka wote, mpaka rangi ya beseni.

"Ya ndama huandikwa yasisahaulike, mwanangu. Yako ningeyasahauje?"

"Maneno tu hayo!"

Mama akasoma upya, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Akarudia maneno ya mwisho polepole, kama anayeyaona mara ya kwanza.

"Mwanangu," akasema, "tangu niolewe, sijawahi kuchelewa kukamua ila siku hiyo moja."

Kitasa cha mlango kikazunguka.