Ule Alikuwa Anapiga Chini ya Nyumba ya Nkambo

Mwezi uliopita nilirudia ku Kolwezi juu ya ndoa ya mutoto wa tantine, shangazi yangu. Ilipita miaka mingi sijafika kule, na unanijua mi: kisha kumaliza sahani mbili ya wali, nikasikia roho inanituma niende kuona fasi nilikomalia, mahali nilikulia. Nikapanda pikipiki ya kulipia, nikamwambia motard jina ya avenue yetu, ule mutaa wetu. Akaniangalia sawa vile mwalimu alikuwa ananiangaliaka kila mara nikijibu.

"Mama, ile avenue haiko tena. Iko kibambazi tu."

Nikacheka, nikamwambia avenue haina miguu ya kukimbia. Akanipeleka. Kweli, kibambazi, ukuta murefu, waya ya miiba juu yake, na nyuma yake mashine zinanguruma. Nikasimama pale na viatu yangu ya ndoa mu bulongo nyekundu, ule udongo wetu, natafuta na macho fasi nyumba ya nkambo, nyanya yangu, ilikuwa. Rafiki, nikasikia nywele inasimama. Si sababu nyumba ilipotea. Ni sababu nilijikuta nimeinamisha kichwa, nategea chini masikio, sawa vile tulizoea zamani.

Wacha nikuelezee.

Nyumba ya nkambo ilikuwa ya matofali, byumba bitatu, bati juu. Tata yake, baba yake, alitoka Kasai kuya kufanya kazi ya mine, kuchimba madini, na ile nyumba njo kitu pekee familia yote ilipata mu ile mikono yote ilichimba. Chini nkambo alitia simenti, shi tulisema sima, na ile simenti ilikuwa sifa yake mbele ya bamama bote. Kila mercredi, siku ya jumatano, nilipiga magoti, nikapaka nta nyekundu, nikasugua na kipande ya blanketi mpaka uso yangu ionekane mule. Masomo sikumaliza, lakini kama kungekuwa diplome ya kusugua sima, leo mungeniita docteur.

Mercredi ilikuwa ya kutayarisha jeudi, alhamisi. Jeudi, saa kumi ya mangaribi, kikundi ya sala ilikuwa inakuya kwetu: bamama kumi ao kumi na mbili, batata, ni kusema wanaume, batatu, na katekista, muntu mwembamba aliyekuwaka clerc, karani, zamani, stylo ya kuandikia mu mufuko hata siku ya maziko. Mi nilikuwa na bidon ya manjano, dumu ya mafuta, njo ngoma yetu. Banasemaka nilipewa bidon juu ya kipaji. Uongo. Sauti yangu ni ya mbuzi yenye kunyeshewa, na balitafuta kazi ya kufunga kinywa yangu. Kisha sala, chai na bitumbula, maandazi yetu. Kusema kweli, mi Mungu nilimupenda na tumbo mbele ya kumupenda na roho.

Mu ile miaka, muntu moja wa avenue alichimba choo, akakuta mawe meusi, mazito, yale yenye kuuzwa. Kisha pale hakuna muntu alichimba choo tena; bote balichimba mawe. Balianzia mu lupango, kiwanja ya nyumba, kisha mu jikoni, kisha chini ya kitanda. Bulongo ilitoka mu mifuko ya mchele, sawa vile muntu anatosha siri inje.

Jirani yetu wa nyuma ya kibambazi, shi, sisi batoto, tulimuita Tata Jirani. Zamani alikuwa anaimba na shi jeudi, sauti ya chini, nzito, mpaka vikombe vilisikia. Alipoanza kuchimba mu chumba yake, akaacha sala. Na nyumba yetu ikaanza kubadilika. Kwanza ufa mu kibambazi, mwembamba sawa unywele. Kisha kidole yangu iliingia. Chai ilikuwa inatetemeka mu kikombe pasipo muntu kugusa meza. Kuku zikakataa kulala mu jikoni. Zilipanda mu muti wa avoka, zinaangalia nyumba sawa bageni benye kuogopa kuingia.

Nkambo akaenda kumuomba aache kuchimba. Mi nilimufuata.

"Mama," Tata Jirani akasema na kucheka, "mi nachimba chini yangu. Kama chini yangu inafikia chini yako, ni Mungu mwenyewe aliziunganisha."

Nkambo akarudi kwetu. Akatuita shi batoto bote. "Kuanzia leo, ule muntu hakuna kumusalimia. Akisema jambo, muangalie kuku." Na tuliangalia kuku, rafiki, na bidii. Sikujua kama dhambi inaweza kuwa tamu hivi. Na kila jeudi, mu sala yake, nkambo aliongeza neno moja: "Bwana, ule mwenye kuharibu nyumba yangu, umusimamishe." Bote: Amina. Na mi, bidon.

Shi tulizoea milio ya chini sawa vile batoto ba fasi zingine banazoea ndege. Asubuhi, chuma ya kuchimba, mbio mbio. Midi, saa sita ya muchana, sauti za bantu zinapita chini ya mikeka yetu, zinacheka ao zinagombana, na maneno huwezi kuyashika. Mangaribi, mifuko inavutwa, krrr, krrr, toka chumba ya kulala mpaka chini ya salon, sebule yetu. Muntu angesema kuna avenue ingine kule chini, na bantu bake, na mi nasugua bati yao.

Jeudi moja, kisha mvula ya siku tatu, tulisikia asubuhi kitu kizito kinaanguka, mara moja, sawa mufuko wa unga. Kuku zikaruka zote. Kisha kimya. Siku yote, kimya. Nkambo alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akaacha mutwangio juu, akategea, akasema, "Leo amepumuzika. Mungu amesikia." Akaendelea kutwanga.

Saa kumi kikundi ikafika. Tukaimba wimbo wa kwanza. Nilipiga bidon mara tatu ya kumaliza, na kutoka chini ya magoti yangu ikajibu: tatu. Pole pole.

Nikafikiri ni masikio. Nikapiga tena tatu. Ikajibu tatu.

Bamama bakaangaliana. Katekista akatosha miwani, akavaa tena. "Hii haiko kazi ya kuchimba," anasema. "Kazi inapiga mbio. Hii inatufuata. Inachekelea sala yetu." Mama moja akanongona neno ya bulozi, uchawi. Mwengine akaenda jikoni kuleta chumvi, akaimwaga mu pembe nne ya salon, juu ya nta yangu. "Imbeni na nguvu," katekista akasema. "Mutoto, piga. Piga mpaka anyamaze."

Na mi nilipiga. Hapa njo sicheki. Siku ile nilipiga bidon kupita siku yote ya maisha yangu, jasho inaingia mu macho, najivuna sababu bakubwa bananiangalia. Nyimbo tatu na litania nzima. Kila fasi tulikuwa tunavuta pumzi, ilikuwa pale: tatu. Na tulikazana tena, kuifunika.

Nkambo peke yake hakuimba. Alitosha kitambaa mu kichwa, akapiga magoti, akalaza sikio ku sima nyekundu. Uso yake ilionekana mara mbili, moja juu, moja chini. Akainua mukono.

"Munyamaze."

"Mama," katekista akasema, "usifungulie shetani mulango."

"Shetani hakosake njia, tata. Ule anapiga, ni sababu amekosa njia." Akakaa. "Na ni mi niliomba asimame. Mulisema Amina."

Akanituma mbio kwa jirani. Bibi yake, muke wake, alikuwa ameenda Tenke kuuza unga. Mulango ilifungwa toka ndani. Mu lupango, mbabula, jiko ya makala, ilikuwa baridi, na juu yake sufuria ya maharagi, maji yote imekauka, maharagi meusi sawa mawe. Muntu aliiweka asubuhi na hakurudia. Nikaita, "Tata Jirani!" Ilikuwa mara ya kwanza namusemesha tangu miezi. Hakuna.

Batata batatu bakavunja mulango. Chumba ya kulala ilikuwa bulongo mubichi tupu, mpaka karibu ya dirisha. Shimo ilijimeza yenyewe. Kupita pale, siku tatu haingetosha.

Bakaita mukubwa wa bachimbaji ba avenue, muntu mufupi, mabega sawa mulango. Akatembea mu salon yetu na miguu ya matope, anategea. Akasimama katikati. "Anapiga toka hapa. Mama, njia iko moja tu. Lakini nikipasua hii sima, chini kumesha kuwa wazi. Nyumba itakufuata. Si leo, lakini itakufuata."

Nkambo aliangalia kibambazi, ufa wake, picha ya tata yake na kofia ya mine. Mi nilikuwa naangalia sima, nafikiri magoti yangu.

"Pasua," akasema.

Katekista mwenyewe alitosha koti, stylo ikaanguka, akashika nyundo. Bamama bale bale ba chumvi bakapanga mustari, bakapitisha bulongo na besheni toka salon mpaka inje. Na mi nilipewa tena kazi ya bidon: kila mara mukubwa akiinua mukono, bote banyamaze, mi nipige tatu. Ilijibu. "Ku kushoto," anasema. Tatu. "Zaidi." Ilikuwa inatuongoza sawa muntu mwenye kushika mukono ya kipofu. Mara ya mwisho ilikuwa karibu sana, nikaisikia mu meno.

Jua ilikuwa karibu kuzama wakati balifikia tundu. Mukubwa akaingia na kichwa, akaita. Sauti ya Tata Jirani ikajibu, ile sauti nzito ya zamani, lakini ndogo, ya muzee. Bulongo ilimufikia ku shingo. Balimuvuta polepole, na alipotoka mu sima yetu, mwekundu kichwa mpaka miguu, mama moja akakimbia mpaka mu barabara.

Nkambo akamunywesha maji na kijiko. "Pole, tata. Tulikawia. Ulipiga, na shi tulikuwa tunaimba."

Akamuangalia. "Mi nipige na nini, mama? Mikono yote mbili ilikuwa imefungwa. Vidole sikuweza kutikisa."

"Basi nani?"

"Tulikuwa babili. Kijana moja wa upande wa Dilolo, alifika juma iliyopita. Yeye alikuwa mbele. Lakini ule…" Akafunga macho. "Alininyamazia asubuhi. Nilimuita mpaka nikachoka."

Bote tulitazama tundu. Mukubwa akainua mukono, na mi nikapiga bidon tatu. Tukategea. Nikapiga tena. Chini kulikuwa kimya, kimya ya kawaida, sawa ya nyumba yenye haina kitu chini yake.

Balichimba mpaka kesho yake. Balimukuta mbali kidogo, amelala juu ya kifua, jiwe mu mukono ya kuume. Mukubwa alimugusa, akasema ule muntu alikufa asubuhi ya jana, na kishindo ya kwanza, na yeye mukubwa amesha kuona maiti mingi. Mi sijue. Labda alikosea. Labda somo ya kueleza mambo kama haya ilikuwa mu ile miaka sikusoma. Nilimuuliza nkambo, akanisonga na bukari, ugali, mu kinywa. Mwaka nzima nilirudilia swali, mpaka siku moja akajibu: "Alimupigia jirani yake. Saa ngapi alikufa, ile ni kazi ya Mungu."

Jina yake hatukuipata. Tata Jirani alikuwa anamuita petit tu, mudogo. Nkambo alituma neno na bantu ba treni mpaka Dilolo, hakuna familia ilikuya. Kilio, matanga yake, tuliifanyia kwetu, mu lupango, sababu salon ilikuwa shimo. Mu mvula iliyofuata kibambazi kikaanguka, tukahamia mu chumba mbili ya kupanga, na njo Tata Jirani na bibi yake balituhamisha, balibeba kitanda ya nkambo ku kichwa. Nkambo hakulilia ile nyumba mbele yetu. Mara moja tu nilimukuta amekaa inje, anasugua saruji ya bamwenye nyumba na kidole, anatafuta wekundu.

Lakini jeudi yetu ilibadilika. Katekista njo alianzisha. Mbele ya wimbo wa kwanza, tunakaa kimya, muda wa chai kupoa. Kisha kila muntu anasema kitu alisikia. Mutoto wa nyumba ya tatu anakohoa tangu juzi. Kwa mama fulani leo hakukusikika mutwangio. Kule banagombana. Na kisha sala, bitumbula hatuile pale. Tunaibeba kule tulisikia. Mi nilinungunika sana, unaelewa. Lakini mu ile avenue, wakati ile, hakuna muntu aligonjwa peke yake.

Kisha kompani ya mine ilikuya, ikachukua avenue yote, bantu bakatawanyishwa, moja Lubudi, moja Likasi, mi huku Lubumbashi. Nkambo na katekista balikufa. Ile kimya ilikufa nabo.

Kisha ndoa, niliporudi Lubumbashi, nikaomba kikundi yetu ya sala ya huku tujaribu ile kimya. Tuko na baffle, spika, mbili kubwa, na muntu wa synthé, kinanda ya umeme. Nikawaambia bazime, tukae kidogo. Nusu dakika haikupita, président akauliza, "Mama, courant ya umeme imekatika?" Bote bakacheka, na mi nilicheka kuwapita. Mbele barudishe muziki, nikasikia nyuma ya kibambazi mwanamuke analia, pole pole, sawa muntu amesha kulia mingi na anajua hakuna mwenye anamusikia.

Nikauliza ni nani anaishi pale. Balisema ni jirani tu. Tunasali pale tangu miaka ine.

Nikachukua sahani ya bitumbula, nikatoka. Ku mulango wake nilisimama, nikakosa jina ya kuita.