Binti Ameingia Mlimani

Mwaka ule wa 2007 Gaudence alikuwa amechoka hadi ulimi wenyewe. Asubuhi darasani, mchana sokoni Kangle, jijini Guangzhou, China, akiwatafsiria wafanyabiashara bei za vitambaa, na Kichina kilikuwa kimeanza kumtoka kwa mazoea tu, bila kufikiri. Ndivyo alivyolikoroga.

Mama Kethia, mfanyabiashara Mkongo wa Bukavu, alimletea kikaratasi chenye aya. Alipewa na bibi mmoja wa Kijapani aliyekutana naye kwenye karakana za jinzi kule Xintang, mfuasi wa dhehebu dogo la milimani ambalo aya zake, alisema, hazifunuliwi kwa kila mtu. Gaudence hakujua Kijapani. Lakini Wajapani si wameazima herufi za Wachina? Akaona hiyo kazi ya dakika mbili. Akainakili daftarini, akaisoma hapo hapo amesimama: "Mama ameingia mlimani. Usimwite. Ukimwita, unapotea wewe."

Mama Kethia alikuwa na mama mgonjwa huko Bukavu. Alisikia msiba, hakuuliza la pili. Aliacha oda yake ya jinzi, akakata tiketi.

Siku ya tatu Gaudence, kwa udadisi tu, alimwonyesha aya ile mwalimu wake aliyesomea Japani. Mwalimu akaguna. Herufi ile ya kwanza kwa Wachina ni mama, akasema, ila Wajapani huisoma binti. Gaudence akatoka mbio. Mtu mzima anavuka bahari kwenda kuzika mtu aliye hai, na wa kulaumiwa ni yeye na uvivu wake.

Alimkuta uwanja wa ndege wa Baiyun, kwenye foleni ya mizigo. Akamweleza yote, akaomba radhi, akangoja kutukanwa, na kweli angefarijika kutukanwa. Mama Kethia alishusha pumzi kwa ajili ya mama yake.

"Donc, basi ni binti," alisema. "Ule bibi nilimuambia habari ya Kethia."

Kethia, binti yake, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Gaudence hakujua, siku zote alidhani yuko shuleni kwao. Akajaribu kufasiri, kichwa kizito: labda mlima ni mapumziko, labda kumwita ni kumlilia.

"Mimi silie tena," mama alisema taratibu. "Lakini hapa Guangzhou kila mutu ananiita Mama Kethia. Siku yote muko munamuita mutoto yangu."

Foleni ikasogea. Gaudence alishika mpini wa sanduku amsaidie, akafungua mdomo amwite, na jina lake lingine hakulijua.