Matone Mawili Chini ya Hadubini

Fomu ya tatu tuliugua kila Jumanne na kila Alhamisi, siku za bayolojia. Mwalimu akifundisha minyoo, darasa zima linajikuna. Akifundisha tezi, tunapapasana shingo chini ya madawati. Jirani yangu wa dawati, msichana wa Kariobangi asiyejua kunyamaza, alinitangazia maradhi yake tukitoka shuleni: "Wee, leo nina kisukari. Tukifika kwenye mapafu, mwambie mathe aanze kuchanga mazishi." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mimi nililipenda lile somo kuliko yote, na nilikuwa na kiherehere, mkono juu kabla swali halijaisha.

Siku iliyonikomesha kiherehere, mwalimu alikuwa amerudi kwenye seli. Alikuwa mama mwembamba, sauti yake ndogo, na kabla ya kushika chaki alikuwa amefanya kazi katika maabara ya hospitali. Alichora ubaoni chembe nyekundu ya damu, mviringo, imebonyea katikati kama donge la unga ulilolitia kidole gumba. Kando yake akachora nyingine, nyembamba, imejikunja kama mundu. Kosa dogo tu, akasema, katika maagizo ambayo seli inapewa ya kutengeneza protini moja, na chembe inageuka hivi, inakwama kwenye mishipa midogo. Leo ugonjwa huo tunauita selimundu. Wakati ule tuliujua kwa Kiingereza tu, na kwa Kiingereza ulisikika kama kitu cha watu wengine.

Kisha akaandika dalili. Maumivu makali ya mifupa. Viganja na nyayo kuvimba utotoni. Macho kuwa manjano. Damu kupungua. Huonekana sana katika familia za kutoka pande za ziwa na za pwani. Baridi na kiu huuamsha. Akapangusa mikono, akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba wengi hawafiki utu uzima, kisha akatuambia tunakili.

Sikunakili. Kalamu yangu ilikuwa imesimama kwenye neno manjano.

Sisi tulikaa Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alitoka Magharibi, pande za ziwa, kuja kufanya kazi katika karakana ya mabehewa, na Mama akamfuata. Watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka minane. Kati yetu walikuwako wengine wawili waliokufa hawajaanza kutembea. Malaria, tuliambiwa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Mdogo wangu alikuwa na macho ya manjano tangu nimjue. Watoto wa laini yetu, ile safu yetu ya nyumba, walimwita Paka, naye akawajibu kwa kuwanyoshea makucha. Kila Julai, baridi ya Nairobi ikishika, alilia miguu. Mama alimchua kwa dawa, akina mama wa kanisa wakaja kumwombea, jirani wakasema mtoto anarefuka, mifupa inavutika. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo. Tulilala kitanda kimoja, na akilia nilimwambia anyamaze nina mtihani.

Halafu kulikuwa na maji. Baba alikuwa muumini wa maji baridi kama wengine walivyo waumini wa maombi. Kwao walioga mtoni kabla ya jua, na alisema ndiyo sababu hajui daktari. Bafu letu lilikuwa la jumuiya, mwisho wa laini, na kila asubuhi kabla king'ora cha karakana hakijalia, Baba alibeba karai kutoka bombani akammwagia mdogo wangu yeye mwenyewe, kwa kikombe, kwa sababu mtoto alijua kukwepa. "Maji baridi yanaamsha damu," alimwambia. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, niliachiwa nifunge mlango, lakini Baba alisimama nje akisikiliza maji yakianguka.

Baridi na kiu huuamsha. Jioni ile nilimtazama mdogo wangu akinywa chai, nikaona mikono yake midogo, vidole vifupi vifupi. Nilitamani kumwambia Mama. Lakini nitasema nini? Kwamba mwalimu amechora mundu ubaoni? Na nikimwambia Baba kwamba maji yake ni sumu, si atanipiga kofi moja nisahau hata jina la somo? Nilitaka kwanza kujua kwa hakika. Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Alhamisi mwalimu alituonyesha namna ya kupima. Alijidunga kidole, akatia tone la damu kwenye kioo, akalifunika kwa kile kioo chembamba kama ganda la kitunguu, kisha akazungushia mafuta ya mgando kingoni ili hewa isiingie. Damu ikikosa oksijeni, akasema, chembe zenye kasoro zinajikunja zenyewe, mngoje mpaka kesho. Nilipofunga kabati la vifaa, kwa kuwa zamu ya usafi ilikuwa yangu, vioo viwili na vifuniko vyake vilikuwa ndani ya soksi yangu.

Mama alikuwa sokoni. Nilipitisha sindano ya kushonea juu ya moto wa jiko, nikamwita mdogo wangu.

"Unataka kunifanya nini, Dada?"

"Kukuona ndani."

"Nitakufa?"

"Ala! Nani amekwambia habari za kufa? Lete kidole."

Alitoa kidole, akafumba macho yote mawili kwa nguvu. Hakulia. Nilipomaliza chake nikajidunga mimi pia, ili niwe na damu ya mtu mwenye afya ya kulinganisha. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, kila kipimo kiwe na cha kulinganishia. Nilimweleza hilo, naye akapenda sana. "Kwa hiyo wewe ndiye mzuri, mimi ndiye wa kupimwa," akasema, akanyonya kidole. Nikavizungushia vioo mafuta ya mgando kama mwalimu, nikaviweka katika viberiti viwili, chake nikakitia alama ya wino.

Kesho yake, saa ya chakula, maabara ilikuwa tupu. Nilianza na chake. Mwanzoni niliona ukungu tu, nikazungusha, nikazungusha, na ghafla zikatokea. Mundu kila mahali. Nyembamba, zimechongoka ncha, zimelaliana. Nilikaa pale nikipumua kwa mdomo. Nilikuwa nimejua tayari, jamani, lakini kujua na kuona si kitu kimoja.

Nikatoa kioo chake nikaweka changu, nipumzishe macho kwa damu nzuri.

Nazo zilikuwa zimejikunja.

Nilitazama alama ya wino. Nikavibadilisha, nikatazama tena. Changu kilikuwa changu, na mundu zilikuwa mundu. Nakumbuka kelele za wasichana wakicheza mpira wa neti nje, na mimi nikifikiri, kwa utulivu wa ajabu, kwamba nina miaka kumi na sita na sitafika utu uzima.

Yaliyofuata siyapendi kuyasimulia, lakini nimeanza. Niliviponda vile vioo kwa jiwe nyuma ya choo cha shule. Nikaanza kujichunguza. Nilivuta kope za chini mbele ya kioo cha Baba cha kunyolea kila nilipopita, nikaona manjano, kisha sikuyaona, kisha nikayaona. Goti likiuma kidogo tu, moyo unanienda mbio. Nilikunywa maji mpaka rafiki yangu wa Kariobangi akaniuliza kama nimemeza samaki hai. Na asubuhi, ndani ya bafu, nilifunga mlango, nikamwaga lile karai kikombe kwa kikombe ukutani, nikitoa sauti za mtu anayesikia baridi, mwili wangu mkavu kabisa. Baba nje akasema, "Vizuri."

Kisha nikatoka, akaingia mdogo wangu.

Nilipita pale nikiwa nimejifunga leso, nikamsikia akikatwa pumzi kwa tone la kwanza. Siku ya kwanza nilijiambia nitasema leo jioni. Siku ya pili vilevile. Kwa siku tisa nilikauka mimi, na yeye akaloweshwa. Sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa na hofu tu, na hofu ile ilikuwa ya ngozi yangu, ikanijaa hadi hakukubaki nafasi ya mtu mwingine.

Siku ya kumi hakuweza kusimama. Alishika mapaja akapiga ukelele hata laini nzima ikatoka milangoni. Macho yake yalikuwa ya rangi ya kiini cha yai. Baba alimbeba mgongoni hadi barabarani, Mama akikimbia nyuma bila viatu, na gari la jirani likawapeleka hospitali. Mimi niliambiwa niende shule. Nilikwenda, mjinga mimi, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda.

Mwalimu alinikuta nimekaa maabara peke yangu, nimekumbatia magoti. Nilitaka kusalimu, yakatoka yote, wizi wa vioo, sindano, viberiti. "Mwalimu, tunakufa sote wawili," nikamwambia. "Yeye anaanza, mimi nafuata."

Alivuta kiti. Aliuliza maswali machache: nimewahi kulazwa? Nimewahi kuvimba mikono? Mifupa? Nilikataa moja baada ya jingine. Akachukua chaki, akachora duara mbili kwa Baba na duara mbili kwa Mama, akapaka rangi duara moja tu kwa kila mzazi.

"Kila mmoja wao ana nusu," akasema. "Mdogo wako amepewa nusu zote mbili. Wewe umepewa moja tu. Mwenye moja haugui. Lakini ukimfungia damu yake isipate hewa hata siku nzima, nayo itajikunja. Kipimo kile hakijui kuwatofautisha. Hilo nilikuwa niwafundishe wiki ijayo."

"Kwa hiyo mimi sifi?"

"Utakufa ukizeeka, kama mimi."

Nilifurahi. Siwezi kulipaka rangi neno hilo. Mdogo wangu alikuwa juu ya kitanda cha hospitali, na mimi nilijisikia mwepesi, nikacheka kwa sauti pale maabara, nikaona hata jua dirishani. Mwalimu alinitazama bila kunikemea. Akangoja nimalize, kisha akauliza nyumbani tunaogea maji gani.

Alasiri ile alinisindikiza hadi hospitali, saa ya kuona wagonjwa. Daktari alikuwa amekwisha kutaja ugonjwa, lakini kwa haraka, na kwa maneno ambayo Baba aliyapokea kama mtu anayesomewa barua ya mwingine. Mwalimu alimweleza polepole, nje ya wodi, habari za damu, za kiu na za baridi, kama alivyotufundisha darasani. Baba alisikiliza, kofia mkononi.

"Ugonjwa umetoka kwetu au kwa mama yao?" akauliza.

"Kwenu wote wawili, mzee. Sawasawa."

Mama aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa akiwahesabu wale wawili wachanga. Baba akanigeukia, na nilijua inakuja, nikakaza shingo.

"Wewe ulijua lini habari ya maji?"

"Karibu wiki mbili, Baba."

"Na mimi nilisikia ukioga."

"Nilikuwa namwaga ukutani."

Kofi halikuja. Afadhali lingekuja. Alitazama viganja vyake, mikono mipana yenye grisi kwenye kucha, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nikimmwagia," akarudi kukaa kwenye benchi kama mzee wa miaka mia.

Niliingia wodini peke yangu. Walikuwa wamemtia maji kwa mshipa na dawa ya maumivu, na alikuwa amepata nafuu ya kutosha kuzungumza. Alionekana mdogo sana kwenye kitanda kile cha chuma. Nilimshika vidole, nikaanza kumwomba msamaha, lakini hakuwa na hamu na msamaha wangu, alikuwa na swali lake.

"Dada, vile vioo uliviangalia?"

"Niliviangalia."

"Changu ndicho kibaya?"

Nikasema ndiyo.

"Na chako?"

Nilivuta blanketi nikamfunika miguu.

"Changu hakina neno," nikasema. "Mimi ni mzima."

Alifikiri kidogo, macho yake ya manjano yakiwa dirishani, mahali Mama alipoonekana amesimama na mwalimu. Kisha akapumua, kama mtu aliyetua mzigo, akanipigapiga mkono ili nitulie.

"Basi vizuri," akasema. "Mama atabaki na wewe."