Kofia ya Mkwe Wangu

Mwaka huu nilikataa kununua hizi zawadi za plastiki zilizojaa madukani. Nilichukua masweta ya mitumba yaliyochakaa, nikayafua, nikayaanika, nikayaanua yote, nikayafumua na kufuma vitu vipya vya Krismasi. Mkolani nzima ilinisikia nikijisifu.

Siku ileile ya kuanua, mkwe wangu Masanja, ninayekaa kwake, hakuliona sweta lake kambani. Anafanya kazi kwenye chumba cha kugandishia samaki kiwandani, bila sweta atakufa na baridi. Hata rangi yake sikuuliza. Nilitoka nje nikamfokea jirani, Mama Kulwa: "Rudisha sweta la watu!"

Krismasi nilimwita ale pilau, aone nimemsamehe. Nikampa soksi nilizofuma. Masanja nikampa kofia. Akaipokea kwa mikono miwili, akaivaa.

"Asante, mama. Ina rangi zilezile za sweta langu lililoibiwa, njano na kijani."

Binti yangu akaacha kutafuna. Mama Kulwa akazinyanyua soksi zake, njano na kijani.

"Kumbe wezi siku hizi wanajua kufuma, bibi?"