Droo ya Barua

Niliacha shule darasa la tano, kwa hiyo sidai uniamini kwa usomi wangu. Lakini haya niliyaona saa saba mchana, na wino wake ulinichafua kidole.

Dada yangu Zuhura ndiye aliyenilea, katika chumba kimoja Mtaa wa Swahili, Kariakoo. Kazi yake ilikuwa kuandika kadi za maktaba mjini, zile zinazomwonyesha msomaji kitabu kilipo. Nilipofika miaka kumi na tisa miguu ikaniwasha. Nikamwambia, "Nitaandika, dada." Nikaenda kukata mkonge Tanga, kisha Mwanza, kisha Mtwara. Miaka sita, wala sikuandika hata mstari. Kwa nini? Kila mwezi nilisema, mwezi ujao nitakuwa na la kujivunia.

Niliporudi, mgambo walikuwa wakikamata wasio na kazi mitaani, basi nikaenda moja kwa moja maktaba. Nikamkuta mbele ya kabati la droo, na kitenge chake kile kile cha kijani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mzururaji wangu. Umekonda hivyo? Tanga mlikuwa mnakula mkonge?"

Nikacheka. Sikujiuliza nani alimwambia habari za Tanga.

Akanifundisha kazi yake, kama alivyonifundisha kusoma zamani. Kadi ya "tazama pia", alisema, humtoa msomaji kwenye jambo moja na kumpeleka kwenye jingine linalohusiana nalo. "Ila usimtume mtu pasipo na kitu. Akifika akakuta patupu, umemdanganya."

Akanipa kadi, wino haujakauka: NDUGU, tazama pia SAFARI. Nikavuta droo, nikakuta SAFARI, tazama pia BARUA. Nikavuta nyingine. Nyuma ya neno BARUA hapakuwa na kadi hata moja.

"Hapo ndipo nilipokuwa nafika kila siku," akasema.

Nikageuka nimwombe radhi. Hayupo.

Msimamizi wa chumba, mama mmoja wa Kichagga, akaniuliza namtafuta nani. Nilipomtaja, akavuta kiti akakaa. Zuhura alifariki masika yaliyopita, kwa homa.

"Kadi hizo nimezitoa mara tatu," akasema. "Haziruhusiwi, zinaelekeza patupu. Asubuhi nazikuta zimerudi. Kumbe ndiwe mdogo wake?"

Akanipa karatasi na bahasha. Niliandika kurasa nne nikiwa nimekaa sakafuni. Yule mama akaipa barua yangu namba kama kitabu, akaiweka nyuma ya BARUA. Tangu siku hiyo hatoi tena kadi za dada. Sasa zinaelekeza penye kitu.

Niamini, kila nikipita Dar huenda kuvuta droo ile. Bahasha bado imefungwa. Nilitegemea nini?

Nawe, kama kuna mtu uliyemwahidi barua, usingoje upate la kujivunia. Mwandikie leo umekula nini, hata kama ni mkonge.