Picha Iliyopungua kwenye Bahasha

Wakati wa Zaire nilifundisha fizikia katika sekondari moja ya Kalemie. Profesa wangu wa zamani kule Ulaya alikuwa akinitumia kwa posta picha za mwanga wa nyota kubwa mno za galaksi jirani. Mwanga huo ulikuwa umepitishwa kwenye prizimu ukawa utepe wenye mistari myeusi, na kazi yangu ilikuwa kuipima mistari kwa lensi na rula ya chuma. Ikiwa myembamba na imesogea upande wa nyekundu, nyota ni kubwa kweli, ni ya kule mbali. Ikiwa minene na haijasogea, ni nyota ya kwetu tu, imesimama mbele ya ile galaksi.

Bahasha ya nne niliikuta imefunguliwa na kubandikwa tena. Picha moja haikuwemo. Nilimshuku mwalimu wa kemia, aliyependa kuuliza habari za barua zangu. Nikaacha kumsalimia.

Wiki iliyofuata niliitwa kwenye biro ya usalama. Mkubwa wao aliiweka picha ile mezani.

"Sitwayene," akaniita, kama raia wa kike walivyoitwa wakati ule, "hii njo nini?"

"Mwanga wa nyota, Papa."

"Nyota gani ina mistari na namba? Waasi wako milimani, na wewe unapokea alama kutoka Ulaya!"

Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, nikampa lensi niliyokuwa nayo mfukoni. Aliinama na lensi yangu, akatazama sana.

"Hata bwana yako alishindwa kueleza," akasema.

"Bwana yangu?"

"Njo yeye alituletea."

Nilirudishiwa picha, nikaenda moja kwa moja nyumbani. Mume wangu, karani wa reli, alikuwa anakula.

"Niliogopa," alisema bila kuinua macho. "Nilitaka waisikie kwangu kabla ya kuisikia kwa jirani. Na wewe, kila nikiingia unafunika karatasi. Nifikiri nini?"

Nilikuwa nazifunika kwa ajili ya mikono michafu ya watoto. Nilimwambia hivyo. Sijui kama aliamini.

Kesho yake niliipima ile picha. Mistari ilikuwa minene, haijasogea hata kidogo. Nikamwandikia profesa aitoe nyota hiyo kwenye orodha yake ya nyota za kule mbali. Mwalimu wa kemia nilimwomba msamaha, akacheka. Na mume wangu tuliendelea kuishi vizuri, ila bahasha nilizihamishia kabati la shule, na ufunguo nikatembea nao.