Maji Niliyoimwagia Sakafu ya Ukumbi

Ukumbi wa usharika wetu pale Iyula ulijengwa kwa msimu wa kahawa. Mwaka wa bei nzuri ukuta ulipanda. Mwaka mbaya zilipanda nyasi. Ilipobaki sakafu, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi nilikuwa mimi, na ndimi niliyewaambia wenzangu kwamba niru, ile saruji ya kulainishia sakafu, ni mambo ya zamani. Nilikuwa nimeona duka moja la vipuri kule Tunduma lenye sakafu iliyopakwa epoksi, rangi nzito ya kijivu, inayong'aa hata mtu anaona kidevu chake. Nikataka yetu iwe vile.

Fundi hatukumtafuta mbali. Mume wa binti yangu alijifunza kazi hiyo upande wa Zambia, kisha akarudi kukaa Tunduma, na jina lake lilikuwa limeanza kutajwa na wenye maduka. Wajumbe wawili watatu waliguna kwamba mwenyekiti anampa kazi mkwe wake. Niliwajibu, "Simpi kazi mkwe, nampa fundi." Maneno hayo nayakumbuka vizuri kwa sababu baadaye niliyakana kwa vitendo.

Kwetu mkwe hambishii baba mkwe. Anaweza kumlalamikia mkewe ndani ya nyumba, lakini mbele ya mzee huinamisha macho na kusema, "Ndiyo, baba." Mimi nilikuwa nimeizoea hiyo "ndiyo, baba" mpaka nikadhani ni ushahidi kwamba nina akili.

Alimwaga zege jipya, akalimwagilia maji yeye mwenyewe kwa siku za mwanzo, kama inavyotakiwa. Kisha akaja nyumbani kuaga.

"Baba, sasa tunaliacha likauke. Lisiguswe na tone la maji mpaka nirudi kupaka."

"Lisimwagiliwe? Likipasuka je?"

"Limeshashika, baba. Sasa adui yetu ni maji."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Lakini ujana wangu nilibeba matofali kwenye ujenzi wa shule, na huko nilifundishwa kwamba saruji ni kama mtoto mchanga, usipoinyonyesha inakufa. Nilijiambia kijana huyu ni mvivu, anakwepa kuchota. Ufunguo wa ukumbi ulikuwa mfukoni mwangu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani nilipita pale na ndoo, nikaimwagilia sakafu kutoka ukuta hadi ukuta, nikafunga mlango, nikaenda zangu nikijiona baba mwema anayeficha udhaifu wa mkwe wake.

Aliporudi na makopo yake alibandika kipande cha nailoni sakafuni kupima unyevu, akakizungushia gundi pembeni, akakiacha kilale. Kesho yake akaniita. Chini ya nailoni kulikuwa na matone, kama kifuniko cha sufuria ya ugali.

"Baba, sakafu hii bado inatoa jasho. Muda wote huu! Sijui maji yanatoka wapi."

Hapo ndipo ninapojionea haya kuliko mahali pengine popote. Ujinga wa ndoo ningeweza kusamehewa. Lakini wakati ule nilikwisha kujua. Niliyatazama yale matone na nikayatambua kama mtu anavyotambua ng'ombe wake. Neno moja tu lingetosha.

"Ni unyevu wa masika," nikasema. "Paka. Jumamosi kuna harusi."

"Baba, tukiipa muda kidogo..."

"Kadi zimeshagawiwa. Paka."

Akainamisha macho. "Ndiyo, baba."

Jumamosi ile sakafu iling'aa. Wageni waliotoka Nanyala walivua viatu mlangoni, wakidhani bado mbichi. Nilisimama karibu na mlango nipokee sifa. Ilipofika zamu ya kupeleka zawadi, akina mama wakaingia wakicheza na masufuria kichwani, na nikaanza kusikia mlio chini ya visigino, pu, pu, kama mahindi kikaangoni. Sakafu ilikuwa imeota malengelenge. Miguu ya viti iliyapasua, na rangi ikabanduka vipande vipande ikiwafuata watu kwenye nyayo. Bibi mmoja wa kwaya aliinua kipande akakipunga hewani. "Mwenyekiti, ukumbi unabambuka kama nyoka!"

Watu wakacheka. Wazee wa kanisa hawakucheka. Walituita nje, mimi na mkwe wangu, wakauliza kulikoni.

Nilisema, "Kijana alikosea kuchanganya."

Mkwe wangu alinitazama, mara moja tu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akawageukia wazee. "Samahani, wazee wangu. Nitairudia."

Habari ilifika Tunduma kabla yake. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amemwahidi sakafu ya ghala lake, kazi kubwa ambayo ingemtoa kimaisha, alimwambia asije. Binti yangu alikuja kunieleza. Hakukaa alipokaribishwa.

"Baba, aliiona ndoo yako. Siku ile ya kupaka ilikuwa nyuma ya mlango, ina saruji chini. Nilimwambia aseme. Akasema hawezi kumvua nguo baba yangu mbele ya watu."

Mama yake, aliyekuwa akichambua maharage hapo hapo, hakuinua kichwa. Nikajua kwamba yeye naye alijua.

Nilipitisha Jumapili kadhaa nikitafuta ugonjwa wa kunizuia kwenda ibadani. Mwishowe, wakati wa matangazo, nilisimama nikawaambia watu wote kwamba fundi hakukosea, kwamba mimi niliimwagilia sakafu kwa siri, nikajua, nikanyamaza, nikamsingizia. Nilitegemea ghadhabu. Bibi yule wa kwaya akasema kwa sauti, "Kumbe mwenzetu alikuwa na bustani ya kabichi mle ukumbini!" Kanisa zima likacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko ghadhabu.

Nilikwenda Tunduma kumwona yule mwenye ghala. Alinipokea kwa heshima, akaniagizia chai, akanisikiliza hadi mwisho. "Mzee wangu, nimekuelewa," akasema. "Lakini fundi mwingine ameshaanza. Ungekuja mapema." Kutoka pale ilikuwa hatua chache kufika kwa mkwe wangu, nami nikapanda gari nikarudi Iyula.

Alikuja mwenyewe, kiangazi, kuirudia sakafu. Aliikwangua yote, akaliacha zege wazi lipigwe na upepo. Jioni alifika nyumbani, akanisalimu kama kawaida, macho chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nilitaka kusema mengine. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Akanitangulia, kwa upole uleule.

"Baba, naomba ufunguo wa ukumbi."

Nikautoa mfukoni, nikampa. Hakuondoka. Alisimama akitazama vidole vyake vya miguu.

"Na ule wa akiba, baba."

Nilikwenda chumbani nikauleta.